Je, Wajua? Uyoga wa Porini, Kitoweo cha Ghala Tupu

Mjini, ukitaja uyoga, wengi hukumbuka ule mweupe wa kwenye pakiti za duka kubwa. Safu yetu ya leo inaingia porini, kwenye miombo ya Tabora, Katavi, Iringa na Ruvuma, na kuvuka mipaka hadi Katanga, Zambia, Malawi na Msumbiji. Huko uyoga haupandwi wala haumwagiliwi. Hujiotea wenyewe, ukalisha kaya wakati ghala limebaki vumbi, na ukawapa kina mama fedha kabla mahindi hayajakomaa. Twende.

NI KIUMBE GANI?

1. Uyoga si mmea. Hauna majani wala ile rangi ya kijani inayotengeneza chakula kwa nguvu za jua. Umo katika kundi lake, kundi la kuvu, pamoja na hamira inayoumua maandazi na ukungu unaoota kwenye mkate uliolala.

2. Kinasaba, uyoga uko karibu na wanyama kuliko ulivyo karibu na mimea. Kuta za seli zake zina kitini, kitu kile kile kilichomo katika gamba la kamba wa baharini na la panzi.

3. Unachochuma ni sehemu ya kuzalia tu. Mwili wenyewe ni nyuzi nyembamba kuliko unywele, zilizotandaa ndani ya udongo au gogo mwaka mzima. Ardhi ikilowa vya kutosha, nyuzi husukuma kofia juu, kofia humwaga spora kwa mamilioni, kisha huoza. Ndiyo maana uyoga wa jana asubuhi leo jioni haupo.

4. Nyuzi hizo zinaweza kuenea kupita kiasi. Katika msitu mmoja wa Oregon, Marekani, kuna kuvu moja ya jenasi ya Armillaria iliyotanda kwenye eneo la takriban kilomita za mraba 9. Ni miongoni mwa viumbe vikubwa kuliko vyote vilivyowahi kupimwa duniani.

5. Mwaka 2004 Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, FAO, lilichapisha kitabu cha Eric Boa kilichoorodhesha zaidi ya aina 1,100 za uyoga wa porini unaoliwa au kutumika kama chakula katika nchi 85. Orodha nyingine ya mwaka 2021 ilipita 2,000. Aina zinazolimwa kwa wingi kibiashara ni chache mno ukilinganisha na hizo.

SAHANINI

6. Karibu asilimia 90 ya uyoga mbichi ni maji. Ukianika kilo 10, jua likimaliza kazi yake utabaki na kama kilo 1. Kwa hiyo ukisikia sifa za protini ya uyoga, uliza kwanza: mbichi au mkavu?

7. Ukiwa mkavu, gramu 100 za uyoga wa aina nyingi hutoa kati ya gramu 15 na 30 za protini. Unga wa mahindi hutoa kama gramu 8 au 9. Lakini ukiwa mbichi, gramu 100 hizo hizo hutoa gramu 2 hadi 4 tu, wakati nyama ya ng'ombe hutoa takriban 20. Wanaouita nyama ya maskini wana hoja, ila sufuria ijazwe.

8. Protini ya mahindi ina upungufu wa lisini, mojawapo ya chembe za protini ambazo mwili hauwezi kujitengenezea. Protini ya uyoga inayo. Sahani ya ugali kwa uyoga basi inaziba pengo hilo, na bibi zetu waliipanga hivyo kabla maabara hazijasema.

9. Uyoga una niasini kwa wingi, vitamini ya kundi B ambayo katika mahindi imefungwa kiasi kwamba mwili hauipati kirahisi. Ikikosekana kwa muda mrefu, pelagra huingia: ngozi hubabuka, tumbo huhara, akili huvurugika. Mwaka 1990 ugonjwa huo uliwapata maelfu ya wakimbizi wa Msumbiji waliokuwa Malawi, baada ya karanga, chanzo chao kikuu cha niasini, kukatika kwenye mgao wa chakula.

10. Uyoga ukipigwa na jua hutengeneza vitamini D, kwa kuwa una ergosteroli, kemikali inayogeuzwa na mionzi ya jua kuwa vitamini D2. Ukate vipande, uuanike ukiwa umegeuzwa mikunjo ya chini ya kofia itazame juu, na kiasi cha vitamini hiyo kitaongezeka. Vyakula vingine vyenye vitamini D ya kutosha ni vichache: samaki wenye mafuta, maini, kiini cha yai.

11. Madini je? Potasiamu, fosforasi, shaba na seleniamu vimo. Mafuta ni kidogo sana, na chumvi ya asili ni kidogo pia, jambo linalowafaa wenye shinikizo la damu, mradi mpishi asiharibu kwa mkono wake.

12. Kuna kisichokuwamo: vitamini C ni kidogo mno. Mchicha, matembele na kisamvu vibaki mezani.

13. Utamu ule unaokufanya uchovye tonge mara ya pili unatokana na glutameti, ambayo uyoga unayo kiasili. Uyoga mkavu ukisagwa unga, vijiko viwili vinatosha kuamsha sufuria ya maharage au mchuzi wa mlenda.

14. Uyoga usiliwe mbichi. Kitini ni kigumu kwa tumbo, na aina kadhaa zinazoliwa zina sumu nyepesi inayoondoka kwa moto. Zile kali au chungu huchemshwa kwanza, maji yakamwagwa, ndipo zikapikwa.

15. Pishi la bara linaloshika nafasi ya kwanza ni uyoga wa karanga. Uyoga huoshwa haraka ili usinywe maji, huchanwa kwa vidole kufuata nyuzi zake, huachwa sufuriani utoe maji yake wenyewe mpaka yakauke, kisha hupigwa kitunguu na nyanya. Karanga zilizosagwa huingia mwisho, zikikorogwa kwa moto mdogo zisishike chini. Pwani, nazi hushika nafasi ya karanga.

KICHUGUUNI

16. Je, wajua kuwa mchwa ni wakulima? Hawawezi kumeng'enya sehemu ngumu za miti na nyasi, basi huzitafuna, huzijengea masega ndani ya kichuguu, na juu yake hukuza kuvu. Kuvu hulainisha, mchwa hula. Mvua za kwanza zikifika, kuvu hiyo husukuma uyoga hadi nje, na hapo ndipo binadamu anapopata fungu lake. Jenasi hiyo huitwa Termitomyces.

17. Ushahidi wa zamani kabisa wa kilimo cha mchwa umetoka Tanzania. Katika bonde la Rukwa, wanasayansi walikuta vichuguu vilivyogeuka mawe vikiwa na mashamba ya kuvu ndani yake, vya takriban miaka milioni 25 iliyopita. Taarifa ilichapishwa mwaka 2016. Binadamu alianza kulima yapata miaka 10,000 tu iliyopita.

18. Uyoga mkubwa kuliko wote unaoliwa duniani ni wa vichuguu vya ukanda huu. Termitomyces titanicus, uliopewa jina la kisayansi kutoka Zambia mwaka 1980, huweza kuwa na kofia yenye upana wa karibu mita 1. Kofia moja inashibisha kaya nzima na jirani akapelekewa.

19. Nduguye, Termitomyces microcarpus, ana kofia ya sentimita moja au mbili tu. Huu hutokana na vipande vya masega ambavyo mchwa huvitoa na kuvimwaga juu ya ardhi, na huota kwa mamia mahali pamoja. Kuuchuma ni kazi ya subira, na mara nyingi watoto huifanya vizuri kuliko wakubwa.

20. Mchumaji mzoefu wa uyoga wa kichuguu hauvuti juujuu. Huingiza vidole au kijiti pembeni mwa shina na kufukua taratibu, kwa sababu shina la aina nyingi linaendelea chini kama mzizi mrefu mpaka lilipo shamba la mchwa. Mzizi huo ni kitambulisho chake. Kingine ni spora zake, zenye rangi ya waridi hafifu. Na kofia nyingi za jamii hii zina kichongo katikati, cha kutobolea udongo.

21. Kichuguu kimoja kinaweza kutoa uyoga mwaka baada ya mwaka, hivyo familia hukumbuka vyao na hazitangazi. Kuuzalisha bila mchwa ni kazi ngumu: kuvu hukua maabara, lakini kutoa kofia hukataa. Anayeng'oa kila kichuguu shambani kwake anang'oa na uyoga.

22. Buganda kuna ukoo wa Butiko, yaani ukoo wa uyoga. Uyoga ni mwiko wao, na mwanaukoo hauli.

CHINI YA MIOMBO

23. Uyoga mwingine hautegemei mchwa. Unategemea miti hai. Udongo wa miombo ni wa kichanga, haba wa rutuba. Nyuzi za uyoga huvika mizizi ya mtundu, muba na jamaa zao, huiletea maji na fosforasi kutoka mbali, na mti hulipa kwa sukari iliyotengenezwa majanini. Mti ukikatwa, malipo yanakatika.

24. Wapanda misitu wa zamani walijifunza hilo kwa hasara. Misindano iliyoletwa Afrika ilidumaa kwenye vitalu hadi ulipoletwa udongo wenye kuvu zake. Kuvu hizo zilikuja kukaa, na leo kwenye mashamba ya misindano huota uyoga ambao mababu hawakuwahi kuuona.

25. Baada ya mvua kubwa, sakafu ya miombo hupambwa na uyoga wa jenasi ya Cantharellus: wa njano, wa chungwa, hata mwekundu. Rangi hiyo hutokana na karotenoidi, jamii ya rangi zilizomo kwenye karoti. Una nyama ngumu kidogo na funza hawaupendi sana, ndiyo maana unastahimili safari ya sokoni kuliko mwingine.

26. Uyoga wa jamii ya Lactarius na Lactifluus hutoa maziwa. Mama huvunja ukingo wa kofia, hungoja tone lijitokeze, hutazama rangi yake na kama inabadilika, pengine huonja kwa ncha ya ulimi na kutema, ndipo huamua kama ni wa kikapuni au wa kuachwa. Uamuzi huo ni wa sekunde chache, na mafunzo yake ni ya miaka tangu utotoni.

27. Amanita tanzanica ni uyoga uliopewa jina la nchi. Uliandikwa rasmi mwaka 1994, na wanavijiji walikuwa wakiula. Jenasi yake, Amanita, ndiyo hiyo hiyo yenye uyoga unaoua watu wengi kuliko wowote duniani. Anayeokota kwa kubahatisha ajiulize mara mbili.

28. Je, wajua kuwa kuna utajiri unaorukwa? Jamii nyingi za miombo hupuuza uyoga ambao chini ya kofia, badala ya mikunjo, una vitundu vidogo vidogo mithili ya sifongo. Ulaya, baadhi ya uyoga wa jamii hiyo hulipiwa bei kubwa. Afrika Kusini na Zimbabwe zimewahi kuuza nje ule unaoota kwenye mashamba ya misindano.

29. Kwenye magogo yanayooza huota uyoga laini wa kahawia, mbonyeo wake ni wa sikio la mtu kabisa. Ukikauka huwa kama kipande cha ngozi. Ukiloweka, unarudi ulivyokuwa. Wachina wameulima kwa karne nyingi. Kwetu hupatikana bure kwa anayeutambua.

30. Elimu hii imeandikwa. Mwaka 1994 Bart Buyck alitoa kitabu cha uyoga unaoliwa magharibi mwa Burundi. Mwaka 2003 Marja Härkönen na Tuomo Niemelä wa Finland, pamoja na Leonard Mwasumbi wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, walitoa kitabu cha uyoga wa Tanzania. Zambia kikafuata mwaka 2015, Haut-Katanga mwaka 2017. Kurasa nyingi za vitabu hivyo zimejengwa juu ya maelezo ya wachumaji wa vijijini.

SOKONI

31. Angalia kalenda. Kwenye miombo mvua huanza Novemba na kwisha Aprili. Mavuno ya mwaka uliopita huwa yamepungua kuanzia Desemba, na mahindi mapya hayako tayari hadi Aprili au Mei. Uyoga huota katikati ya pengo hilo hilo, wakati kazi ya palizi imepamba moto na debe la mahindi limepanda bei.

32. Mtaji wa biashara hii ni kikapu, kisu na kuamka mapema. Haidai shamba, mbolea wala mkopo. Ndiyo maana humfikia hata mjane asiye na ardhi na msichana anayetafuta fedha za daftari. Katika nchi nyingi za miombo wachumaji na wauzaji wengi ni wanawake, na fedha hubaki mikononi mwao.

33. Kando ya barabara kuu, uyoga hupangwa kwa mafungu juu ya majani, au hupimwa kwa bakuli na sado. Muuzaji huanza siku akiwa mgumu wa bei. Jua likipanda, kofia huanza kusinyaa ukingoni, na mkono wake unaongeza nyongeza bila kuombwa. Ikifika alasiri, mnunuzi wa basi la mwisho ndiye mpanga bei.

34. Dawa ya hasara hiyo ni kuanika. Uyoga uliokatwa na kutandazwa juu ya chekeche au chaga, si chini ya ardhi, hukauka kwa siku mbili tatu za jua kali. Ukivunjika kwa mlio, uko tayari. Ukihifadhiwa kwenye chombo kisichopitisha unyevu, unaweza kuuzwa Agosti, wakati hakuna mwenye uyoga mbichi wa porini.

35. Adui wa kwanza wa uyoga mbichi ni mfuko wa nailoni. Ndani yake uyoga unatoa jasho, unateleza, unaanza kunuka kabla ya kufika mjini. Kikapu cha ukindu au tenga huuruhusu kupumua, tena husambaza spora njiani.

36. Lubumbashi, jiji la migodi ya shaba linalozungumza Kiswahili, hupokea uyoga wa msituni kila msimu wa mvua, mbichi na mkavu. Zambia na Malawi nazo, madereva wa barabara kuu wanajua ni kona zipi za kupunguza mwendo.

37. Uyoga wa kulima haujaua soko la porini. Wengi Tanzania hulima uyoga chaza, maarufu kama mamama, kwenye mifuko ya pumba au mabua yaliyochemshwa. Na chanzo cha wa kulima ni porini vilevile: watafiti wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam walichukua aina tatu za kienyeji, wakaziotesha kwenye mabaki ya mkonge ambayo viwanda huyatupa, na zikazaa.

38. Jangwani nako kuna uyoga. Nchi za Ghuba huota uyoga wa mviringo chini ya mchanga, baada ya mvua za kipupwe, karibu na mizizi ya vichaka fulani. Hutafutwa kwa kutazama nyufa ndogo juu ya mchanga, na mwaka wa mvua haba bei yake haishikiki. Katika hadithi za Mtume (S.A.W.) zilizopokewa na Bukhari na Muslim, uyoga huo umetajwa kuwa ni katika manna, na maji yake ni tiba ya macho.

HATARI

39. Haya yote ni uongo: kwamba uyoga wenye sumu hubadilisha rangi ya sarafu au kitunguu saumu, kwamba ukiliwa na konokono, panya au nyani, na wewe kula, kwamba wenye sumu una rangi kali na mweupe ni salama, kwamba kuchemsha sana huondoa kila sumu. Kila mojawapo umeshawahi kumzika mtu mahali fulani.

40. Sumu mbaya zaidi, amatoksini, haivunjwi kwa moto wala kwa kuanika. Na ina hila: mlaji hujisikia mzima kwa saa 6 hadi 24. Kisha hutapika na kuhara vikali. Kisha hupata nafuu, familia ikashukuru, wakati ini linaendelea kuharibika. Aliyeanza kuumwa baada ya kula uyoga apelekwe hospitali siku hiyo hiyo hata akipata nafuu, na mabaki ya uyoga yabebwe yakaonyeshwe.

41. Kuna uyoga mkubwa mweupe wenye magamba ya kahawia unaopenda bustani na viwanja vya nyasi mijini. Unafanana na unaoliwa, na huwatapisha wengi. Mtego wake hutenguliwa hivi: weka kofia juu ya karatasi nyeupe, ifunike kwa bakuli usiku kucha. Asubuhi karatasi ikiwa na unga wa kijani, tupa. Kipimo hicho kinamtambua huo mmoja tu. Hakithibitishi usalama wa mwingine.

42. Upo uyoga unaoliwa salama hadi mlaji anywe pombe. Coprinopsis atramentaria una kemikali inayouzuia mwili kumalizia kuvunja kilevi: uso huwaka, moyo hudunda, matapishi hufuata. Hata bia ya kesho yake inaweza kuleta kizaazaa.

43. Uyoga hufyonza vilivyomo ardhini, vizuri na vibaya. Baada ya ajali ya kinu cha nyuklia cha Chernobyl mwaka 1986, uyoga wa porini wa sehemu za Ulaya umeendelea kupimwa mionzi kwa miongo. Kwetu, usichume kwenye mabaki ya migodi, kando ya barabara kuu, wala shamba lililopigwa dawa.

44. Mara nyingi anayedhurika ni mgeni. Aliyehama mkoa au nchi hukuta uyoga unaofanana na wa kwao, akaamini macho. Maarifa ya uyoga hayahami na mtu. Hujifunzwa upya kwa wenyeji.

KESHO YAKE

45. Kuchuma hakumalizi uyoga. Watafiti wa Uswisi walifuatilia maeneo ya msitu kuanzia mwaka 1975 hadi 2003, mengine yakichumwa na mengine yakiachwa. Mavuno hayakupungua, uwe umekata kwa kisu au umeng'oa. Kilichopunguza idadi ya kofia ni kukanyagakanyaga.

46. Kinachoumaliza ni shoka. Tanuri la mkaa na mabani ya kukaushia tumbaku hula miti ile ile inayolisha nyuzi za uyoga. Gunia la mkaa huuzwa mara moja. Mti uliosimama hutoa uyoga chini yake kila masika, na maua yake hutoa asali, ile ya Tabora inayosifika. Hesabu hii wanaijua zaidi wachumaji, ila anayekata mti na anayechuma chini yake mara nyingi si mtu mmoja, na fedha za mkaa huingia mfuko mwingine.

47. Sheria ya Misitu ya Tanzania ya mwaka 2002 inavipa vijiji mamlaka ya kutenga na kusimamia misitu yao ya hifadhi. Kijiji kikikaa kutunga sheria ndogo, mara nyingi mbao na mkaa hutangulia kwenye ajenda. Uyoga hauna gogo la kupigwa nyundo wala ushuru wa kuvutia, basi husahaulika, na wachumaji wake hukaa nyuma ya mkutano.

48. Msimu ujao ukisimama kando ya barabara ya Sikonge au Mafinga, muulize muuzaji maswali mawili kabla hujatoa hela: uyoga huu unaitwaje, na umeuchuma chini ya mti gani au kichuguu kipi? Mchumaji wa kweli atayajibu yote bila kufikiri. Asiyeweza, muage kwa adabu, panda gari.